Baada ya Uzamivu: Kuitafuta Nafasi ya Utafiti Ujerumani



Wapenzi wasomaji, juma hili tumeona tuyaweke kando yale ya mirathi tuliyokuwa tukiyaeleza, tuyajibu maswali ambayo wazazi wamekuwa wakituuliza barazani na baada ya sala ya Ijumaa. Maneno yake hutofautiana, lakini maana ni moja. Mzazi husema: mwanangu amesoma tangu chuo cha mtaani hadi chuo kikuu, ameipata shahada ya uzamivu katika sayansi, watu wanamwita daktari, nasi tukamshukuru Mola. Sasa ananiambia anatafuta nafasi ya miaka miwili Ujerumani, ya kufanya utafiti. Je, kusoma huku hakuna ukomo? Ataoa lini, au ataolewa lini? Na ni nani huyo Mjerumani atakayempa kazi mtu asiyemjua?

Maswali haya si ya kupuuzwa. Tumeziona nyumba ambamo kijana na wazee wake wamefikia kutosemezana kwa jambo ambalo, lau lingeelezwa tangu mwanzo, lisingezua ugomvi. Mzee hudhani mwanawe anakimbia majukumu. Kijana naye hudhani mzee wake hathamini elimu. Kwa hakika wote wawili wanakosa kitu kimoja, nacho ni maelezo.

Nafasi hii ni nini?

Tuanze kwa kulitoa wingu. Nafasi ya utafiti baada ya uzamivu si masomo. Haina ada, haina mtihani, wala haina cheti cha kutundikwa ukutani. Ni kazi ya muda maalumu, aghalabu miaka 2 au 3, ambayo mtafiti hulipwa kwa kufanya utafiti katika maabara ya mtaalamu aliyemtangulia, akitoa makala zenye jina lake katika majarida ya sayansi.

Watu wa pwani hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Wazee wetu waliosoma Lamu na Unguja walipopata ijaza kwa mashekhe wao hawakukaa papo hapo wakajiita mabingwa. Walipanda majahazi wakaenda Hadhramaut, Makka na Misri, wakaketi mbele ya wengine waliokuwa na fani ambazo huku hazikuwapo, kisha wakarudi wakafungua darsa zao. Ijaza ya kwanza iliwathibitisha kuwa wamesoma. Safari ya pili iliwapa upana. Mtafiti wa leo yuko katika safari ya pili, na katika fani nyingi za sayansi asiyeipita njia hii ni vigumu kwake kupewa maabara yake mwenyewe.

Kwa nini Ujerumani? Kwa sababu nchi ile imejenga nyumba za utafiti nje ya vyuo vikuu vyake, nazo huajiri watu kutoka kila pembe ya dunia. Jumuiya ya Max Planck, iliyoanzishwa mwaka 1948, ina taasisi zaidi ya 80 zinazoshughulikia elimu ya msingi. Jumuiya ya Helmholtz ina vituo vikubwa 18, vyenye mitambo ambayo chuo kimoja hakiwezi kuimiliki. Jumuiya ya Leibniz ina taasisi zaidi ya 90, na ile ya Fraunhofer hushughulika zaidi na utafiti unaotumika viwandani. Katika maabara nyingi za namna hii lugha ya kazi ni Kiingereza, kwa hivyo kutojua Kijerumani hakumzuii mtu kuomba, japo atakihitaji sokoni, hospitalini na kwa mwenye nyumba.

Wako pia wanaoshughulika na mambo yanayotugusa sisi moja kwa moja. Mjini Bremen kuna Kituo cha Leibniz cha Utafiti wa Bahari za Tropiki, ambacho kazi yake ni mikoko, matumbawe, samaki na watu wanaoishi kwa vitu hivyo. Mjini Hamburg kuna Taasisi ya Bernhard Nocht, iliyoanza mwaka 1900, inayochunguza malaria na maradhi mengine ya nchi za joto. Kijana wetu aliyesomea Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, au kile cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wazee bado hukiita MIOME, haendi huko mikono mitupu. Anaijua bahari ambayo wengine wameisoma vitabuni. Mkumbuke kijiji cha Gazi, kule Kwale, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao, na fedha zake zikasaidia maji na shule. Biashara ile isingewezekana bila wanasayansi kuingia matopeni na kupima.

Nafasi hutafutwaje?

Ziko njia tatu, na mwenye busara huzipita zote kwa pamoja.

Njia ya kwanza ni matangazo ya kazi. Taasisi hutangaza katika kurasa zao, na Tume ya Ulaya ina tovuti iitwayo EURAXESS inayokusanya nafasi za watafiti barani humo. Tangazo la Kijerumani lina maneno ya kujua kuyasoma. Likitaja “E13 TV-L”, hilo ni daraja la mshahara wa watumishi wa umma wa majimbo. Likitaja asilimia 100, ni kazi ya kutwa nzima. Asilimia 65, mshahara nao hupungua kwa kiasi hicho. Na likitaja “befristet”, maana yake kazi ina tarehe ya mwisho.

Njia ya pili ni ufadhili ambao mtafiti huuomba kwa jina lake mwenyewe. Wakfu wa Alexander von Humboldt, uliopo kwa sura yake ya sasa tangu mwaka 1953, huwapokea watafiti wa fani zote na wa nchi zote bila kuigawia nchi yoyote idadi maalumu. Muombaji hushindana kwa kazi yake. Umoja wa Ulaya nao una ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, ulio wazi kwa watu wa uraia wowote, ambao kwa kawaida hufunga maombi mwezi wa Septemba kila mwaka. Kote kuwili lazima kwanza awepo mwenyeji, yaani mtaalamu wa huko aliyekubali kwa maandishi kumpokea muombaji. Masharti ya miaka iliyopita tangu kupata uzamivu hubadilika mara kwa mara, hivyo asomaye na asome masharti ya mwaka huu, si yale ambayo rafiki yake aliyatumia zamani.

Njia ya tatu, nayo ndiyo ambayo vijana wetu huionea haya, ni kumwandikia mtaalamu moja kwa moja hata kama hakutangaza kitu. Tumezisoma barua kadhaa ambazo vijana hutuletea tuwatazamie lugha, na nyingi zina ila moja. Huanza kwa kumsifu mwandikiwa, kisha hujisifu mwandishi kuwa ni mwenye bidii na mapenzi ya elimu, kisha huomba nafasi yoyote itakayopatikana. Barua ya namna hiyo inaweza kutumwa kwa watu mia bila kubadilishwa neno, na mpokeaji huligundua hilo kwa mstari wa kwanza.

Barua yenye kujibiwa huandikwa kwa mtu mmoja tu. Mwandishi husoma kwanza makala tatu au nne za mtaalamu yule, kisha huandika kwa ufupi: katika kazi yenu mmepima jambo fulani, mkaacha swali fulani, mimi nimelipima jambo hilo katika mikoko ya Mida kwa mbinu hii, na makala yangu ni hii, naona tukiunganisha viwili hivi tunaweza kulijibu swali lile. Hapo tena hajawa muombaji wa sadaka. Amekuwa mwenye bidhaa anayezungumza na mwenye duka. Ukurasa mmoja watosha, pamoja na wasifu wake, orodha ya makala zake, na majina ya watu wawili au watatu wanaoweza kumshuhudia. Hao mashahidi na waombwe ruhusa mapema, kwani mwalimu aliyeshtukizwa hutoa ushahidi baridi.

Kijana na ajue pia kwamba kukataliwa ndiyo hali ya kawaida. Mtu huandika barua nyingi na kupata majibu machache, na kati ya hayo machache moja ndilo la kheri. Utafutaji wa mwaka mzima si dalili ya kushindwa, na wazazi wasiuhesabu kuwa uvivu. Aanze kutafuta kabla hajaitetea tasnifu yake, asingoje joho na kofia.

Tahadhari ya matapeli

Hapa tunawaomba wazazi mtege sikio. Penye shida hapakosi mjanja. Hutumwa barua pepe zenye nembo nzuri, zikisema mwanao amepata nafasi Ujerumani, ila atume kwanza fedha za usajili, za bima au za viza kwa wakala. Kanuni ni nyepesi: taasisi ya utafiti haimtozi mtu ada kwa kumwajiri. Ada ya viza hulipwa kwa ubalozi wenyewe au kwa njia ambayo ubalozi umeitangaza, wala hailipwi kwa mtu binafsi. Nafasi ya kweli hutanguliwa na mahojiano, ambayo siku hizi hufanyika kwa video, na muombaji huulizwa kuhusu kazi yake kwa undani. Aliyepewa kazi bila kuulizwa swali hata moja na ajue kwamba amewindwa. Jina la mtaalamu litafutwe katika ukurasa wa taasisi, na anwani yake ya pepe ilinganishwe na ile iliyomwandikia. Na nyumba isiuzwe, wala dhahabu ya mama isiwekwe rehani, kwa karatasi ambayo hakuna aliyeihakiki.

Mshahara na mwisho wa mkataba

Mtafiti wa daraja tulilolitaja, akifanya kazi ya kutwa nzima, hulipwa zaidi ya euro 4,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ukizigeuza kuwa shilingi utashtuka, na ndugu wataanza kupanga foleni. Lakini mseja asiye na mtoto hukatwa zaidi ya theluthi moja kwa kodi na bima, kisha kodi ya nyumba katika miji kama Munich humeza sehemu kubwa ya kilichobaki. Familia isihesabu mshahara kabla ya makato ikampangia kijana kujenga ghorofa.

Makato hayo hata hivyo yana faida yake. Bima ya afya ya umma humfunika mke au mume asiye na kipato pamoja na watoto bila mchango wa ziada. Mwajiriwa mjamzito hupumzika wiki 6 kabla ya kujifungua na 8 baada yake. Michango ya pensheni nayo haipotei: anayerudi Kenya kabla ya kutimiza miaka 5 ya kuchangia anaweza kuomba arejeshewe sehemu aliyoichangia yeye, baada ya miezi 24 kupita tangu aondoke katika mfumo ule. Anayelipwa kwa ufadhili badala ya mkataba wa ajira hukatwa kidogo au hakatwi, lakini hana kinga hizo zote, na bima ya afya huitafuta mwenyewe. Basi kabla ya kutia sahihi aulize: huu ni mkataba wa kazi au ni ufadhili?

Liko jambo jingine ambalo si haki kulificha. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2007 kuhusu mikataba ya wanasayansi huruhusu mikataba ya muda kwa jumla ya miaka 6 baada ya uzamivu, na 9 kwa fani ya tiba, katika vyuo na taasisi za umma, isipokuwa kwa nyongeza chache kama za wenye watoto au kazi inayolipiwa na fedha za nje. Baada ya hapo mtu hupata kazi ya kudumu au hutafuta mlango mwingine, na kazi za kudumu ni chache. Wajerumani wenyewe wameilalamikia hali hii. Mwaka 2021 maelfu ya watafiti walipaza sauti mitandaoni chini ya jina la “Hanna”, mwanabiolojia wa kubuni aliyetumiwa na wizara yao katika video ya kuisifu sheria hiyo. Ikiwa wenye nchi wanalia, mgeni na aingie akiwa macho wazi. Toka siku ya kwanza ajiulize: miaka hii ikiisha nitakuwa na nini mkononi, na nitakipeleka wapi?

Ndiyo maana tunawaambia vijana wasivunje daraja la nyumbani. Kilifi kuna watafiti wa malaria wanaojulikana duniani kote. Mombasa kuna taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi. Nairobi kuna icipe, iliyoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 kwa ajili ya elimu ya wadudu. Hizo nazo huajiri watafiti wa daraja hili, na nyingine hushirikiana na Wazungu wale wale. Asiyepata nafasi ng'ambo hajakosa sayansi, na aliyeipata aendelee kuandika makala pamoja na wenzake wa huku, ili siku ya kurudi asiwe mgeni kwao.

Nyumba na dini

Tumebakiwa na lile la ndoa, ambalo wazazi hulitaja kwa sauti ya chini. Safu hii si mahali pa kutoa fatwa, na hali za watu hazilingani. Tunachosema ni kwamba suala hili lizungumzwe siku kijana anapoandika barua ya kwanza, lisingojwe hadi viza iwe mezani. Mwenye idhini ya ukaazi kwa ajili ya utafiti anaweza kuambatana na mwenza wake, mwenza huyo haambiwi afaulu kwanza mtihani wa Kijerumani kama wanavyotakiwa wenza wa watu wengine wengi, na akifika huruhusiwa kufanya kazi. Kwa hivyo ndoa na utafiti si mafahali wawili wa zizi moja. Na tumwambie mzazi wa binti hasa: binti aliyeufikia uzamivu amefika hapo kwa juhudi ambayo ulimsomea dua wewe mwenyewe. Ukiona posa inayomtaka aizike elimu yake kama sharti la kwanza, lifikirie sharti hilo kabla ya kuifikiria posa. Na mume atakayefuatana naye aulizwe mapema kama yu tayari kukaa mwaka wa kwanza bila kazi, huku mkewe ndiye mwenye mshahara. Ni swali zito kwa mwanamume wa kwetu, na afadhali lijibiwe Mombasa kuliko Hamburg.

Kuhusu ibada, anayekwenda na ajue hali ilivyo. Mwezi wa Disemba mjini Hamburg jua huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi, kiasi kwamba adhuhuri, alasiri na magharibi hukusanyika ndani ya saa nne za kazi. Mwezi wa Juni jua huchelewa kuzama hadi karibu saa nne usiku. Azungumze na mkuu wa maabara mapema na kwa adabu, aombe nafasi ya kusali, asijifiche ghalani kama mwizi. Akifika ajiandikishe katika ofisi ya mji ndani ya wiki 2 tangu ahamie nyumba yake. Hapo ataulizwa dini yake kwa sababu ya kodi ya kanisa, ambayo hutozwa waumini wa makanisa yenye haki ya kuitoza. Ajaze fomu kwa usahihi, maana kosa la kalamu hapo laweza kumkata fedha kila mwezi.

Mwisho, wazazi wetu, mtoto akiwaambia anatafuta nafasi, msimuulize tu atarudi lini. Mwambieni awaeleze anachokichunguza, kwa Kiswahili, mpaka mwelewe. Akishindwa kuwaeleza nyinyi mliomlea, hata barua yake kwa Mjerumani bado haijaiva. Akiweza, mtakuwa mmemsaidia kuliko mnavyodhani, na siku ndugu wakiuliza anafanya nini huko, mtakuwa na jibu la kuwapa.

Juma lijalo, inshallah, tutarudi katika mirathi, tuanzie pale tulipokomea kwenye fungu la mama.

Wabillahi tawfiq.